Siku Ngapi Zinatosha Nyumbani?



Majilio yakikaribia, swali moja huanza kuzunguka katika nyumba nyingi za watu wa Mara walioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko: "Mwaka huu tukienda nyumbani, tukae siku ngapi?" Baba anasema tano. Mama anasema tatu. Watoto, ambao shule zimefungwa, wanasema tukae mpaka zifunguliwe. Na huku kijijini bibi hataji idadi yoyote; anafagia chumba cha wageni na kuchagua jogoo.

Swali linaonekana dogo, la kuamuliwa kwa kalenda na kikokotoo. Lakini sisi tunaoishi huku, ambao kila Desemba tunaona mabasi yakishusha watu stendi ya Bweri na stendi ya Bunda, kisha tunawaona watu walewale wakipanda tena, tunajua kwamba si dogo. Zipo familia zinazoondoka zimepatana. Zipo zinazoondoka zimenuniana, na zinabaki hivyo mpaka Kwaresima. Mara nyingi kilichozitenganisha si fedha wala chakula. Ni hesabu ya siku: ama zilikuwa chache mno zikamwacha mzee na kiu, ama zilizidi zikageuza furaha kuwa mzigo.

Leo nakualika tuitazame hesabu hiyo kwa macho ya imani.

Mapumziko yana kipimo

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Kanisa nalo lina kipimo chake. Kanuni ya 533 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu paroko kuwa nje ya parokia yake kwa mapumziko yasiyozidi mwezi mmoja kwa mwaka, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi humo. Hata askofu amewekewa mwezi katika Kanuni ya 395, na kanuni hiyohiyo inamtaka asikosekane kwa watu wake wakati wa Noeli, Juma Kuu, Pasaka, Pentekoste na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, isipokuwa kwa sababu nzito.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, kupumzika ni haki. Anayekwenda likizo si mvivu. La pili, likizo ina mwisho, kwa sababu ulikotoka pia kuna watu wanaokusubiri. Mtu huwa na nyumba mbili zinazomdai: ile iliyomzaa na ile aliyokabidhiwa. Kuamua siku za kukaa ni kuzitendea haki zote mbili.

Nakumbuka pia wale wasio na likizo ya kulipwa: dereva wa bodaboda, mama lishe, fundi, muuza mitumba. Kwao kila siku ya kukaa nyumbani ni siku isiyo na mapato, na Januari inakuja na ada, sare na kodi ya nyumba. Mtu kama huyo akisema "nakaa siku tatu", tusimwite mchoyo. Huenda siku zake tatu ni sadaka kubwa kuliko wiki tatu za mwingine.

Biblia inavyohesabu siku

Wengine hudhani Maandiko hayajishughulishi na mambo kama haya. La hasha! Biblia imejaa watu wanaoamua wakae au waondoke.

Bikira Maria alikwenda kwa Elizabeti akakaa kama miezi mitatu (Lk 1:56). Ni muda mrefu. Lakini mwenyeji alikuwa mama mzee mwenye mimba ya miezi sita, na mgeni alikwenda kwa haraka akiwa na mikono miwili ya kusaidia. Urefu wa siku zake ulipimwa kwa haja ya mwenyeji. Bwana wetu naye alipoombwa na Wasamaria akae kwao, alikaa siku mbili (Yn 4:40). Zilikuwa mbili tu, lakini watu wengi zaidi walimwamini. Basi siku chache zinaweza kuwa kamili, ikiwa mgeni amekuja mzima mzima, si mwili peke yake huku akili ikiwa imebaki kwenye simu.

Wapo waliofanya kikao kuhusu jambo hilihili. Siku za mfalme Hezekia, watu walikusanyika Yerusalemu kwa sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu. Siku saba zilipokwisha, mkutano wote ulishauriana na kukubaliana kuongeza saba nyingine (2 Nya 30:23). Wengi tunapenda habari hiyo kwa sababu ya furaha yake. Lakini soma mstari unaofuata: mfalme alitoa ng'ombe 1,000 na kondoo 7,000, na wakuu wakatoa ng'ombe 1,000 na kondoo 10,000. Siku ziliongezwa kwa sababu wote walikubaliana, na kwa sababu chakula kilikuwepo na kilijulikana kimetoka kwa nani. Nyumbani kwetu siku huongezwa mara nyingi bila lolote kati ya hayo mawili. Mmoja anaamua, na mwingine, kwa kawaida mama mzee au mke wa kaka aliyebaki kijijini, ndiye anayetafuta unga.

Ipo pia habari ya kuogofya katika Waamuzi sura ya 19. Mlawi mmoja alikwenda kwa baba mkwe wake kumrudisha mke wake. Alikaa siku tatu. Siku ya nne alitaka kuondoka, akabembelezwa. Siku ya tano alibembelezwa tena, wakala, jua likasogea, na mwishowe akaondoka jioni. Usiku uliwakuta Gibea, na yaliyompata yule mwanamke huko ni miongoni mwa mambo machungu kabisa katika Biblia. Mwenye hatia ni waliotenda uovu ule, wala hatumlaumu mwenyeji kwa ukarimu wake. Hata hivyo mwenye busara anajifunza: kumbembeleza mgeni mpaka aondoke saa mbaya si upendo. Kila mwisho wa mwaka barabara zetu hubeba madereva waliolala saa mbili kwa sababu "kaka, bado mapema, kaa kidogo." Anayeaga, tumwache aende kungali mchana.

Jembe la siku ya tatu

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia usemi huu kumfukuza mgeni kwa adabu. Nadhani una maana tamu zaidi. Anayepewa jembe hafukuzwi, anafanywa mwenyeji. Siku mbili za kwanza anakaa kwenye kiti na kuhudumiwa. Siku ya tatu anaingia shambani, na kuanzia hapo anaweza kukaa bila kuhesabiwa.

Inapendeza kuona kwamba Wakristo wa mwanzo waliwaza hivyohivyo. Lipo andiko fupi la kale liitwalo Didache, yaani Mafundisho ya Mitume, ambalo wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Nyakati zile wahubiri walizunguka kutoka jumuiya hadi jumuiya, na wengine walikuwa matapeli. Andiko hilo linaagiza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana, akae siku moja, na ya pili kama kuna haja. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Na akiondoka akaomba fedha, ni vivyo hivyo. Msafiri wa kawaida naye asaidiwe, akae siku mbili au tatu. Akitaka kuendelea kukaa na ana ufundi, basi afanye kazi na ale. Kanisa changa, lililotoka tu mikononi mwa Mitume, liliona vema kuandika siku za mgeni. Upendo wenye mpaka unaojulikana hudumu. Usio na mpaka huchoka na kugeuka manung'uniko.

Familia moja na siku kumi

Sasa nishirikishe habari ya familia moja, bila jina. Baba anafanya kazi Dar es Salaam, mama ni mfanyabiashara mdogo, nao wana watoto watatu. Mama mzazi wa baba anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama. Mwaka ule walikuwa na siku kumi tu, na watoto walikuwa wameahidiwa kuona wanyama wa Serengeti. Mpango wa baba ulikuwa hivi: siku mbili kwa bibi, kisha usiku nne katika hoteli ya hifadhini. Fedha haikutosha, akataka kukopa. Mama alikataa mkopo, wakagombana, na wakafika kwangu hawasemezani vizuri.

Nilimwuliza baba, "Kwa nini kwa mama yako siku mbili tu?" Alizunguka kwanza. Kisha akasema, "Padre, ukweli ni kwamba nikikaa zaidi nitakwisha. Siku ya kwanza wanasalimia. Siku ya pili wanaanza kuja na shida zao: ada, matibabu, mabati. Nikisema sina, hawaamini, kwa sababu wamesikia niko Dar."

Nikamgeukia mama. Naye akasema, "Mimi nampenda mama mkwe. Lakini yeye baba watoto akifika kwao anakaa chini ya mwembe na kaka zake. Mimi naingia jikoni asubuhi natoka usiku. Kwake ni likizo, kwangu ni zamu. Ndiyo maana hata mimi sikudai siku nyingi."

Ndugu msomaji, uliyasikia hayo? Hakuna aliyesema hampendi bibi. Siku za bibi zilikuwa zinapunguzwa na hofu mbili ambazo hazikuwa zimetajwa mezani: mmoja aliogopa kuombwa, mwingine aliogopa kutumikishwa. Na hoteli ya usiku nne ilikuwa mahali pa kujificha, tena kwa fedha ya mkopo. Kama wangebaki kubishana juu ya idadi, wangebishana mpaka leo.

Tulizungumza kwanza juu ya hofu. Baba alikubali kupanga mapema kiasi cha kuwasaidia ndugu, kukiweka kando, na kikiisha aseme kimeisha bila aibu. Alikubali pia kuongea na kaka zake kabla ya safari: maji yatachotwa na vijana wa kiume, nyama itachomwa na wanaume, na mama watoto atakuwa na siku zake za kukaa na bibi tu, kama mtoto wa nyumbani. Hofu zilipotajwa, siku zilijipanga zenyewe: moja ya safari ya kuja, sita kwa bibi, moja ya hifadhi, moja ya safari ya kurudi, na moja ya kupumua kabla ya kazi. Hakuna aliyekopa.

Siwezi kukuambia kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Ndugu mmoja alikasirika kwamba bahasha yake ilikuwa nyembamba. Watoto walisema siku ya wanyama ilikuwa fupi. Lakini kwa zile siku sita watoto walipalilia pamoja na bibi, walikula ugali wa muhogo na dagaa, walionyeshwa kaburi la babu yao, na Dominika walikaa naye benchi moja kigangoni. Bibi yule yu hai bado. Macho yake yamefifia sana. Ninapompelekea Ekaristi hunitambua kwa hatua. Na wajukuu wanapompigia simu, anawajua mmoja mmoja kwa sauti kabla hawajataja majina. Kwa siku mbili asingeweza kujifunza sauti tatu.

Na hifadhi je?

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kuwapeleka watoto Serengeti ni anasa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 na ipo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Watu wanavuka bahari kuja kuiona, na huku kwetu wapo waliozeeka jirani na lango bila kuingia. Mtoto wa Mara kumwona twiga, kiboko na mamba wa mto Grumeti ni kuusoma ukurasa wa kazi ya Mungu uliofunguliwa mlangoni kwake.

Lakini hapa nako hesabu ya siku inahitaji ukweli. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Kinachopandisha gharama ni gari na kulala. Kwa anayeingia kupitia lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, siku moja inatosha kuuona upande wa magharibi ukiingia asubuhi mapema na kutoka kabla ya giza. Kufika Seronera, katikati ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita mia moja, na kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawachosha watoto wasione kitu. Na kama umewaahidi makundi makubwa ya nyumbu, ujue kwamba Desemba kwa kawaida huwa kusini, ambako huzaa kati ya Januari na Machi. Huku magharibi hupita zaidi kati ya Mei na Julai. Anayetaka nyumbu aje likizo ya Juni. Anayetaka bibi aje wakati wowote, maana yeye hahami.

Kwa asiye na uwezo wa hifadhi, Butiama pana nusu siku nzuri: makumbusho ya Mwalimu Nyerere na kaburi lake, alipozikwa Oktoba 1999. Mwalimu, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulianzia jimboni kwetu Musoma, alipoachia urais mwaka 1985 alirudi kuishi kijijini kwake na kulima. Watoto waone kwamba mtu mkubwa anaweza kurudi nyumbani na kushika jembe.

Siku sifuri

Lipo jambo moja ambalo mchungaji wa mkoa huu hawezi kulinyamazia Desemba. Kuna familia ambazo safari ya nyumbani ni mtego kwa binti yao. Shule zimefungwa, ndugu wamekusanyika, na mipango ya kumkeketa inafanywa kwa minong'ono. Sheria ya nchi tangu mwaka 1998 inaharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na hata kama sheria isingekuwepo, mwili wa mtoto ni hekalu la Mungu. Mzazi, ukijua kwamba hatari hiyo ipo kwenu, jibu la swali letu ni fupi: siku sifuri. Usimpeleke wala usimtume. Na wewe uliye kijijini ukisikia minong'ono hiyo, toa taarifa polisi, ustawi wa jamii au kwa paroko wako mapema. Mkoani kwetu zipo nyumba salama zinazowapokea mabinti hao. Kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu, lakini hakuna amri inayomtaka mtoto atolewe kwa kisu ili wazee wafurahi.

Vivyo hivyo, yupo mtu ambaye kwao kuna ugomvi wa mirithi ulioshika mapanga, au alikoumizwa utotoni. Huyo asihukumiwe na jirani kwa kutokwenda. Apige simu kwa mama, atume alichonacho, aombe. Mungu anahesabu hata siku ambazo mtu hakuweza kwenda.

Kabla ya kukata tiketi

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kukata tiketi, kaeni chini baba, mama na watoto. Kwanza, kila mmoja aseme anachotamani na anachoogopa, na asichekwe. Pili, hesabuni fedha mliyonayo, si mtakayokopa. Siku inayolipwa kwa mkopo huendelea kulipwa hadi Juni. Tatu, mpigieni simu mwenyeji mumwambie siku ya kufika na siku ya kuondoka, kisha tumeni mchango wa chakula kabla hamjafika. Nne, hakikisheni ndani ya siku hizo ipo Dominika moja ya kusali pamoja na wazee. Tano, siku ya tatu shikeni jembe.

Na muda ukifika, ondokeni. Petro alipouona utukufu wa Bwana mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu (Mt 17:4). Alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini Yesu aliwashusha, kwa sababu chini ya mlima kulikuwa na baba aliyekuwa akimsubiri kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa. Bibi atalia kidogo mnapopanda basi. Mwache alie. Ni machozi ya mtu aliyeshiba watoto wake, na hayafanani na ya yule aliyepitiwa tu njiani.

Ee Mungu, ambaye Mwanao alikaa Nazareti miaka mingi na katika miji mingine siku mbili tu, utufundishe kuzihesabu siku zetu za nyumbani. Uwalinde wasafiri wote barabarani, uwape wazee faraja ya kuwaona watoto wao, na uwahurumie wanaosubiri wasiofika. Amina.

Nakutakia Dominika njema na safari njema.